Pembe Hazikai, Vipimo Vinakataa: Utatuzi wa Matatizo ya Kuchora Maumbo Sahihi kwenye Inkscape

Mtu anaingia ofisini na flashi mkononi. Ndani kuna kibao cha jina la mtumbwi unaotia nanga Kirumba Mwaloni, muhuri wa duara wa kikundi cha akina mama, au mchoro wa vitofali vya pembesita vya kutandaza uani. Kwenye skrini umbo linapendeza. Likitoka kwenye plota, yaani mashine ya kukata stika, duara limekuwa yai, pembe moja imezidi, au kibao kimepungua milimita mbili na kinacheza kwenye fremu ya fundi wa kuchomelea. Lawama ya kwanza huiangukia mashine. Kwa kazi nilizopokea hapa Mwanza, mara nyingi mashine imekata kile kile ilichopewa, na kosa lilizaliwa mapema, pale mchoraji alipoliamini jicho badala ya namba.

Nimepanga hapa dalili zinazonijia mara kwa mara, kila moja na visababishi vyake, kuanzia kinachotokea sana hadi kinachotokea kwa nadra. Maelezo ni ya Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, toleo la 1.0 lililotoka Mei 2020, na matoleo yaliyofuata. Wanaotumia programu nyingine za kuchorea, CorelDRAW na Illustrator, watakuta mengi yanawahusu pia.

Anza na kadi ya majaribio

Kabla ya kugusa mchoro wenye tatizo, chora miraba miwili kwenye ukurasa mpya: mmoja wa milimita 100, mwingine wa milimita 20. Ichape kwenye karatasi ya kawaida au ikate kwenye kipande cha stika kilichobaki. Kisha chukua rula ya chuma, upime pande zote nne, halafu upime kona kwa kona, mara mbili, kama fundi ujenzi anavyofanya akipanga msingi wa nyumba. Mraba wa milimita 100 unatakiwa kutoa milimita 141.4 kutoka kona hadi kona, na vipimo hivyo viwili viwe sawa.

Matokeo yatakuambia pa kutafuta:

- Miraba yote miwili imekosea kwa kiasi kile kile, mfano milimita 0.4 kwa mkubwa na 0.4 kwa mdogo. Tatizo ni unene wa mstari au upana wa mkato wa mashine.
- Kosa linakua na umbo: mkubwa umepungua milimita 6, mdogo milimita 1 na ushee. Tatizo ni skeli.
- Upande mmoja ni sahihi na mwingine umekosea. Uwiano umevunjika, au mhimili mmoja wa mashine haujasawazishwa.
- Pande ziko sawa lakini kona kwa kona hazilingani. Hapo ndipo pembe yenyewe imeharibika: mraba umelala.

Shika jambo moja ambalo litakuokolea saa nzima ya kuhangaika. Ukikuza au kupunguza umbo kwa uwiano ule ule pande zote, urefu unabadilika lakini pembe hazibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba pembe imekosea asipoteze muda kwenye skeli ya printa, na anayelalamika kwamba urefu umekosea asianze kuzungusha mistari.

Dalili ya 1: Mchoro mzima umeinama kwenye skrini

Mara nyingi mchoro uko salama, umezungusha ubao wa kuchorea bila kujua. Inkscape huuzungusha ukishika Ctrl na Shift pamoja na kusukuma gurudumu la kipanya, na ni rahisi kufanya hivyo ukiwa unataka kukuza tu. Angalia kona ya chini kulia: kuna kisanduku chenye herufi R na namba ya nyuzi. Kama si sifuri, andika 0 na ubonyeze Enter. Mistari yote inarudi wima.

Kama R ni sifuri na umbo bado limeinama, basi lilichorwa limeinama. Hii huwapata sana wanaotumia zana ya nyota na poligoni, kwa sababu umbo linafuata mwelekeo ambao mkono ulivuta. Shika Ctrl wakati wa kuvuta, litasimama kwenye hatua za nyuzi 15.

Usilipuuze kosa dogo ukisema halionekani. Mstari ulioinama kwa nyuzi 0.3 kwenye karatasi ya A4 utapita. Kwenye bango la mita 2 juu ya duka, mwisho wake utakuwa umeshuka zaidi ya milimita 10, na mteja atasimama upande wa pili wa barabara ayaone maandishi yanateremka.

Dalili ya 2: Naandika upana 100, umbo linatoka 98 au 102

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote.

Kisababishi cha kwanza ni mstari wa ukingo. Inkscape, kwa mpangilio inaokuja nao, hupima sanduku la mipaka linaloonekana, yaani umbo pamoja na unene wa mstari wake. Mstari umelala nusu ndani na nusu nje ya ukingo. Mraba wenye pande za milimita 100 na mstari wa milimita 2 utasomeka 102. Ukifuta 102 na kuandika 100, umbo lenyewe linakuwa 98, na plota inayofuata njia, yaani ukingo wenyewe wa umbo, bila kujali unene itakukatia 98.

Ukaguzi rahisi: ondoa mstari wa ukingo kwa muda, weka rangi ya ndani tu, kisha soma namba upya. Ikibadilika, umekipata kisababishi.

Tiba ya kudumu: fungua mapendeleo (Preferences) kwa Ctrl+Shift+P, nenda sehemu ya zana, na uchague sanduku la mipaka la kijiometria badala ya linaloonekana. Kwa anayechora vitu vya kukatwa, mpangilio huu ubaki hivyo siku zote. Kwa anayechora bango la kuchapwa tu, lile linaloonekana lina faida yake, maana wino wa mstari nao unachukua nafasi.

Kisababishi cha pili ni kitufe cha kukuza unene wa mstari pamoja na umbo, kilichoko mwisho wa upau wa juu ukiwa na zana ya kuchagua. Kikiwa kimewashwa, kila unapopunguza umbo mstari nao unapungua, na hesabu yako ya jana haiwi ya leo. Amua mara moja kiwe kimewashwa au kimezimwa, usikiache kikibadilika katikati ya kazi.

Cha tatu, na hiki si cha kila siku, ni umbo lililo ndani ya kundi lililokwisha kuvutwa au kulazwa. Zana ya mstatili itakuonyesha namba moja na zana ya kuchagua itakuonyesha nyingine. Vunja kundi kwa Ctrl+Shift+G, kisha pima kwa zana ya kupimia, herufi M. Ukivuta kutoka nodi (nukta inayounda umbo, kama ya kona) hadi nodi, zana hiyo inatoa urefu na pembe vyote viwili.

Dalili ya 3: Pembe haifiki nyuzi ninazotaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia.

Kisababishi kikuu ni kitufe cha Ctrl chenyewe. Tumefundishana kwamba ukitaka mstari ulionyooka shika Ctrl, na ni kweli. Lakini Ctrl kwenye Inkscape, na kwenye CorelDRAW pia, hukaza mstari kwenye hatua za nyuzi 15: 0, 15, 30, 45, 60, 75, 90. Kwenye Illustrator kitufe ni Shift na hatua ni za nyuzi 45. Pembe yoyote iliyo nje ya hatua hizo haitapatikana kwa njia hiyo hata ujaribu mara mia.

Mfano ninaoukuta kila mwaka sikukuu za kitaifa zinapokaribia ni bendera ya Tanzania. Mkanda wake mweusi wenye kingo za njano unatoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili. Uwiano wa bendera ni 2 kwa 3. Mchoraji anashika Ctrl, anapata nyuzi 45, mkanda unapiga juu kabla ya kufika kona. Anashusha hadi 30, unapiga upande. Mwishowe anaikuza bendera hadi ikae, na anakuwa ameharibu uwiano wa alama ya nchi nzima. Pembe sahihi ya mkanda huo ni nyuzi 33.69, kwa sababu kimo ni 2 na kitako ni 3. Na uzuri ni kwamba huhitaji kuiandika: chora mstatili wa milimita 300 kwa 200, washa mnaso (snap, yaani kalamu kujishika yenyewe kwenye nukta iliyo karibu) kwa kitufe cha %, ruhusu mnaso kwenye nodi za kona, kisha piga mstari kutoka kona hadi kona. Pembe itajikalia yenyewe. Urefushe mstari upite kona pande zote mbili kabla ya kukata ziada, la sivyo mkanda mnene utaacha pembetatu mbili tupu kwenye kona.

Mfano wa pili ni alama ya dira yenye ncha 16, ambayo wenye boti huipenda. Mduara wa nyuzi 360 ukigawa kwa 16 unapata 22.5, na hatua za 15 haziingii. Nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya tabia, kisha hatua, ubadilishe mzunguko wa hatua uwe nyuzi 22.5. Ukimaliza kazi hiyo, rudisha 15.

Kama pembe ni ya kipekee kabisa, mfano nyuzi 37, acha kuzungusha kwa mkono. Chora mstari ulalao, uupe urefu wake kwenye kisanduku cha upana, fungua dirisha la mageuzi kwa Ctrl+Shift+M, nenda kwenye kuzungusha na uandike 37. Angalia mwelekeo wa kishale kabla ya kubonyeza. Tangu toleo la 1.0 mhimili wa Y unahesabiwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo waliozoea toleo la zamani hujikuta mstari umeenda upande wa kinyume. Njia nyingine ni mstari mwongozo: uvute kutoka kwenye rula, ubofye mara mbili, na uandike nukta unayotaka upite pamoja na pembe yake.

Kisababishi kingine ni kuvuta kipanya wakati wa kubofya kwa zana ya kalamu. Kubofya na kuachia hutoa mstari mnyoofu, kubofya na kuvuta hutoa mkunjo. Mkunjo mdogo hauonekani, lakini kona inakuwa na nyuzi 89 upande mmoja na 91 upande mwingine. Chagua zana ya nodi, kamata zote kwa Ctrl+A, bonyeza Shift+L vipande viwe mistari minyoofu, kisha Shift+C kona ziwe kali.

Mnaso usiponasa, mara nyingi umezimwa tu, au uko mbali mno na nukta. Umbali wa kunasa hupimwa kwa pikseli za skrini, kwa hiyo sogea karibu kwa kukuza na jaribu tena. Mwingine huwasha kila aina ya mnaso kwa pamoja, na kalamu inarukia kila kitu isipokuwa kile anachotaka. Bakiza aina mbili, nodi na makutano, uone kazi inavyotulia.

Na kama unachora juu ya picha iliyopigwa kwa simu, tulia kabla ya kuilaumu programu. Kibao kilichopigwa picha kutoka chini kinakuwa kipana chini na chembamba juu. Pembe za picha hiyo si pembe za kibao. Nenda kapime kwa futi.

Dalili ya 4: Pembesita imechuchumaa, nyota imenenepa, duara limekuwa yai

Kwa duara sababu karibu siku zote ni moja. Mchoraji hakushika Ctrl, au alishika lakini hakutazama. Ctrl kwenye zana ya duara haikazi duara peke yake. Hukaza pia uwiano wa namba nzima, kama 1 kwa 2. Ukivuta upande mmoja zaidi unapata yai lenye uwiano mzuri. Kwenye upau wa juu, andika nusu kipenyo cha mlalo na cha wima viwe sawa, basi.

Kwa pembesita kisa ni kirefu. Fundi mmoja wa vitofali kutoka Buzuruga aliniletea kielelezo cha mbao cha kutengenezea umbo la saruji. Vitofali vyake vya kwanza havikukubali kufungana: safu ya kwanza ilikaa, ya pili ikaacha nyufa, ya tatu ikapanda juu ya mwenziwe. Aliyemchorea alikuwa amechukua pembesita sahihi kabisa, kisha akaandika upana 200 na kimo 200 kwa kudhani kwamba umbo lenye pande sawa lazima liwe na upana na kimo sawa. Haliwi. Pembesita iliyolala na kona kulia na kushoto ina upana wa kona hadi kona, na kimo chake cha ubapa hadi ubapa ni mara 0.866 ya upana huo. Ukilazimisha vilingane, hakuna hata pembe moja inayobaki nyuzi 120.

Shika uwiano huu, umbo likiwa limesimama vizuri na halina mstari wa ukingo:

- Pembetatu yenye pande sawa, kitako chini: kimo ni 0.866 ya upana.
- Pembetano yenye ncha juu, na nyota ya ncha tano pia: kimo ni 0.951 ya upana.
- Pembesita yenye kona kulia na kushoto: kimo ni 0.866 ya upana.
- Pembenane iliyokaa kwa ubapa: kimo na upana ni sawa.

Ukaguzi rahisi ni kugawa kimo kwa upana kwenye kikokotoo cha simu. Tiba, kama umbo halijazungushwa: fungua kufuli ndogo lililo kati ya upana na kimo, andika kimo sahihi, kisha ufunge kufuli. Kuanzia hapo kila badiliko litalinda uwiano. Fundi akikupa kipimo cha ubapa hadi ubapa, tuseme milimita 200, andika 200 kwenye kimo kufuli likiwa limefungwa. Upana utajiweka kwenye 230.9.

Kama umbo lilikwisha kuzungushwa na kuvutwa mara kadhaa, usilitibu. Lifute, uchore jipya. Ni dakika moja, na pembe zake utaziamini.

Dalili ya 5: Nimegawa duara, kipande cha mwisho hakiungi

Vipande saba: 360 gawa kwa 7 ni 51.428571 na kuendelea. Mwenye kuandika 51 mara saba anapata 357, na pengo la nyuzi 3 linabaki wazi. Mwenye kuandika 51.4 anapata 359.8, kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 300 hilo ni pengo la milimita 1 hivi, la kutosha kuonekana kwenye stika ya rangi mbili.

Visanduku vya namba vya Inkscape vinajua hesabu. Andika 360/7 kama ilivyo, programu itagawa yenyewe. Na usizungushe nakala ya nakala. Tengeneza nakala kwa Ctrl+D kutoka kipande cha kwanza kila mara, uizungushe kwa 360/7, inayofuata 360/7*2, kisha *3, hadi mwisho. Kosa dogo halipati nafasi ya kulimbikizana.

Dalili ya 6: Umbo likizungushwa linayumba

Bofya umbo mara ya pili uone msalaba mdogo katikati. Huo ndio mhimili wa mzunguko. Ukiugusa bila kukusudia unahama, na Shift pamoja na kubofya juu yake huurudisha nyumbani.

Lakini nyumbani kwake ni katikati ya sanduku la mipaka, ambako si lazima kuwe kitovu cha umbo. Kwa pembetatu yenye pande sawa uliyoichora kwa kalamu, kitovu kiko theluthi moja ya kimo kutoka kitako, wakati katikati ya sanduku ni nusu ya kimo. Kwa kimo cha milimita 86.6, kitovu kiko 28.9 kutoka chini na msalaba uko 43.3. Weka mstari mwongozo kwenye 28.9, uvute msalaba hadi hapo, ndipo uzungushe.

Dalili ya 7: Ncha za nyota zimekatwa butu, au zimechomoza kupita kipimo

Fungua dirisha la rangi na mstari kwa Ctrl+Shift+F, utazame aina ya kiungo cha kona. Kiungo kikali kina kikomo, na kikomo cha kawaida cha SVG, aina ya faili la Inkscape, ni 4. Kona yenye pembe chini ya nyuzi 29 inavuka kikomo hicho, programu inaikata butu. Nyota ya kawaida ya ncha tano ina nyuzi 36, inapona. Nyota nyembamba za mihuri haziponi. Ongeza kikomo.

Kinyume chake, kiungo kikali huchomoza nje ya nodi. Pembetatu ya nyuzi 60 yenye mstari wa milimita 2 hutoa ncha milimita 2 zaidi kila kona. Kwa muhuri mdogo, hizo ndizo ncha zinazogusa maandishi.

Dalili ya 8: Mistari imegusana kwa macho lakini plota inaacha pengo

Nodi mbili zimekaa juu ya nyingine, hazijaungana. Kwa zana ya nodi zungushia eneo la kona. Chini ya dirisha programu inakuambia umechagua nodi ngapi. Zikiwa mbili, bonyeza Shift+J. Kama stika inakatwa mara mbili hadi karatasi ya chini, una njia mbili zilizolaliana. Sogeza moja uone kama kuna pacha wake, kisha umfute.

Dalili ya 9: Skrini inasema 100, karatasi inasema kingine

Soma namba uliyoipata, karibu kila moja ina mwenyewe:

- 93.75: faili lilitengenezwa na Inkscape ya kabla ya 0.92, iliyohesabu pikseli 90 kwa inchi, na sasa linasomwa kwa 96. Fungua upya, na programu ikikuuliza kuhusu vipimo vya zamani usibonyeze haraka. Chagua kulinda ukubwa halisi.
- 75: mchoro ulihesabiwa kwa 72 kwa inchi, kama Illustrator inavyofanya, ukasomwa kwa 96.
- 133.3: kinyume chake, umetoka na 96 ukasomwa kwa 72.
- 3.94 au 2540: milimita na inchi zimebadilishana, kwa kawaida wakati wa kuhifadhi kama DXF, aina ya faili linalopelekwa kwenye mashine za kukata. Chagua milimita pale pale unapohifadhi.
- 94, 96, 97 au namba nyingine isiyoeleweka: printa imeamriwa kuubana mchoro uingie kwenye ukurasa. Kwenye steshenari nyingi huo ndio mpangilio wa kawaida. Mwombe anayechapa aweke asilimia 100, ukubwa halisi, na umwachie kadi ya majaribio kwenye ukurasa huo huo.
- 99.8 kwa mraba wa 100, na 19.8 kwa mraba wa 20: ni upana wa mkato wa leza. Panua umbo la nje kwa nusu ya upana huo kila upande, na kwa matundu fanya kinyume.

Njia salama kati ya programu mbili ni PDF, kwa sababu hubeba ukubwa wa ukurasa pamoja nayo. Na usipime kwa kuweka rula juu ya skrini, hata ukiwa kwenye ukuzaji wa 1:1, kama hujasawazisha skrini hiyo kwenye mapendeleo.

Wapo wanaonyoosha kidole kwenye duara lenyewe, kwamba likigeuzwa kuwa njia si duara tena. Ni kweli kihesabu, kwani linajengwa kwa mikunjo minne inayokaribia duara. Kosa lake ni asilimia 0.03 hivi ya nusu kipenyo. Kwenye kibao chenye nusu kipenyo cha milimita 600 hilo halifiki hata milimita 0.2. Tafuta kosa lako mahali pengine.

Mahali pa kusimama na kumwita mwenye ujuzi

Kadi ya majaribio ikionyesha mhimili mmoja umekosea, au kona kwa kona hazilingani, na faili lile lile likitoka sahihi kwenye mashine nyingine, acha kuhariri mchoro. Usiuvute mchoro upande mmoja ili kufidia mashine. Siku itakapotengenezwa faili zako zote zitakuwa na kosa. Mwite fundi wa mashine hiyo asawazishe hatua za mota na mikanda.

Kifuniko cha leza ya CO2 usikifungue mwenyewe kutafuta kioo kilichohama. Mrija wake unatumia umeme wa maelfu ya volti, na mwale wake hauonekani kwa macho. Umeme ukikatika na kurudi katikati ya kazi, zima swichi kuu kwanza, ndipo uangalie kilichotokea.

Usikubali kukata PVC kwa leza, hata mteja akisema ni kipande kidogo. Moshi wake una gesi ya hidrojeni kloraidi, inayochoma mapafu na kula vyuma vya mashine. Kazi hiyo ipeleke kwenye mashine ya kukata kwa kisu au kwa keekee. Usipoijua plastiki uliyoletewa, muulize aliyeiuza. Asipojua naye, usiikate.

Bango kubwa la kupandishwa juu ya paa au kwenye nguzo, hasa maeneo yanayopigwa na upepo wa ziwani, lina pembe ambazo mchoro wa Inkscape hauzimalizi: za miguu, nyaya na vyuma vya kushikilia. Chora uso wa bango, kisha mpe mhandisi au fundi mwenye uzoefu wa vyuma apange mengine. Ramani ya kiwanja nayo mwachie mpima ardhi. Mtu akikuletea nakala ya mipaka akitaka uinyooshe kidogo ili pembe zikae vizuri, mrudishie flashi yake.

Na kabla ya kupeleka karatasi ya akriliki au bati la gharama kwenye mashine, kata kwanza umbo lile lile kwenye katoni, ukubwa kamili. Lipeleke mpaka kwenye fremu yenyewe, ulipachike, uzungushe macho kwenye kona zote nne.